Maji Kwanza, Ndege Baadaye: Matembezi ya Kuangalia Ndege katika Hori ya Mida, Watamu

Mwaka huu nililipia mara 2 matembezi ya kuangalia ndege katika hori ya Mida, kwa waongozaji wawili tofauti na kwa tofauti ya siku 9 tu. Ninaandika tathmini hii kwa sababu matembezi hayo yalifanana kwa karibu kila kitu kilichokuwa kwenye tangazo, yakatofautiana kwa karibu kila kitu tulichokiona. Mahali palikuwa palepale, njia ya mbao ileile inayopita juu ya mikoko, kibanda kilekile cha kuangalilia, na msimu uleule wa mwisho wa kaskazi, majira ya upepo wa kaskazini-mashariki, ambapo ndege wa pwani hujiandaa kurudi katika nchi za baridi. Mara ya kwanza tuliona yangeyange wawili na mdiria mmoja. Mara ya pili tuliona mamia ya ndege kwa saa 5 mfululizo, wengine wakiwa karibu kiasi kwamba hatukuhitaji darubini.

Kwa asiyepajua, hori ya Mida ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kusini mwa Watamu, katika Kaunti ya Kilifi, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 32. Wengi wanaufahamu kwa jina la Mida Creek. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mlango wake wa kuingilia maji ni mwembamba, lakini ndani hori hupanuka, na maji yanapokupwa hubaki uwanda mpana wa tope na mchanga uliozungukwa na mikoko, michu, mikandaa na mililana. Tope hilo, ambalo mpita njia wa barabara ya Mombasa na Malindi huliona kuwa uchafu tu, limejaa kaa, minyoo, kome na vijidudu visivyohesabika, na ndilo linalowaleta ndege kutoka Siberia, kutoka nyanda za Asia ya Kati na kutoka pwani za Uarabuni.

Ndege hawa huanza kufika mwezi Agosti na Septemba, hukaa nasi kaskazi nzima, kisha kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Mei huondoka makundi kwa makundi. Huko waendako ni majira ya machipuko. Kwetu ni mwanzo wa masika. Wiki hizo chache ndizo bora kuliko zote kwa mtu anayetaka kuwafahamu, kwa sababu mbili. Kwanza, ndege ambao tangu Oktoba wamekuwa wa kijivu na kahawia, wote wakifanana machoni pa mgeni, huvaa manyoya ya kuzalia na kila mmoja akatambulika kwa rangi yake. Pili, hula bila kupumzika. Wanaweka mafuta ya safari, na baadhi ya jamii hizi huongeza uzito hata kukaribia maradufu ya ule wa kawaida. Ndege mwenye njaa ya namna hiyo hajifichi. Mtu anayejua atakula wapi na saa ngapi anaweza kumsubiri hapo.

Na hapo ndipo ulipo ubora au udhaifu wa huduma ninayoizungumzia. Bahari ya pwani yetu hujaa na kupwa mara 2 kwa siku, na tofauti kati ya bamvua na maji mafu ni kubwa. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi kuandama na mwezi kupevuka, maji hupwa sana karibu saa 4 au saa 5 asubuhi, uwanda wote ukawa wazi, kisha hurudi kwa kasi na kujaa karibu saa 11 jioni. Wakati wa maji mafu, yaani siku za mwezi nusu, mambo hugeuka: asubuhi ndipo maji yanapojaa, na hata yakipwa hayaendi mbali. Mvuvi yeyote wa Watamu anayajua haya tangu utotoni. Mwongozaji wa ndege asiyeyajua, au anayeyajua lakini akapanga safari kwa kufuata saa ya kifungua kinywa cha wageni, anauza matembezi ya kuangalia miti.

Mwongozaji wa kwanza, ambaye sitamtaja wala kuitaja kampuni yake, alitufanya hivyo hasa. Tuliagiza safari kwa njia ya intaneti, tukatumiwa ujumbe wa kuthibitisha malipo dakika ileile, na hakuna aliyetuuliza chochote isipokuwa idadi yetu. Tulichukuliwa Mombasa saa 12 asubuhi kwa gari safi lenye maji baridi ya kunywa, tukafika Mida kabla ya saa 3, siku ya 8 baada ya mwezi kuandama, yaani wakati wa maji mafu. Maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye mizizi ya mikoko na kibanda kilikuwa kimesimama katikati ya ziwa tulivu. Mwongozaji alikuwa kijana mwenye adabu, alitueleza vizuri juu ya mikoko na matumizi yake, na nilipomuuliza ndege wako wapi alijibu kwamba leo hawakuja. Walikuwapo. Walikuwa wamepumzika kwenye fungu la mchanga ng'ambo ya hori, na tuliwaona kama mstari wa vumbi jeupe unaotetemeka katika mazigazi. Kwa siku nzima na kwa fedha tulizolipa, huo ndio uliokuwa mwisho wa ndege wetu, na nilirudi nikiwa na uchungu kwa ajili ya ami yangu, ambaye ana umri wa miaka 78 na alikuwa amevumilia saa 2 za barabara kwa ajili ya siku hiyo.

Mwongozaji wa pili nilielekezwa kwake na mwuza samaki wa Gede. Ni mmoja wa vijana wa vijiji vya kandokando ya hori waliojifunza ndege kwa miaka mingi ya kuwahesabu, na huduma yake haina tovuti wala gari. Nilipompigia simu, swali lake la kwanza halikuwa la idadi ya watu wala la malipo. Aliuliza: «Mko huru siku gani baada ya mwezi kupevuka?» Nilipomtajia siku niliyoipenda mimi, alinijibu kwa upole kwamba siku hiyo angeweza kuchukua fedha zangu, lakini nikisogeza mbele siku 2 nitaona ninachokitafuta, na kwamba tusije asubuhi, tufike saa 6 adhuhuri na tuje na kofia. Kwa maoni yangu thamani ya huduma nzima iko katika simu ile ya dakika 4.

Tulipofika alimwamkia ami shikamoo, akamtazama miguu, akamwambia, «Mzee wangu, hivyo viatu vitabaki topeni,» kisha akamtolea viatu vya kufunga alivyokuwa amekuja navyo kwenye mfuko. Tulishuka kwenye uwanda maji yakiwa ndiyo kwanza yameanza kurudi, tukasimama mahali alipotuonyesha, pembeni mwa mlilana mmoja uliosimama peke yake, na akatuomba tusiongee kwa robo saa. Alieleza baadaye kwamba ndege hawamwogopi mtu aliyetulia kama wanavyomwogopa mtu anayewaendea, na kwamba maji yenyewe ndiyo yatakayowasukuma kuja kwetu. Ndivyo ilivyokuwa. Kila maji yalipomeza kipande cha tope upande wa mlango wa hori, ndege waliruka hatua chache na kutua karibu zaidi, wakala, wakaruka tena. Kufikia saa 8 walikuwa umbali wa kama mita 30, na darubini ya miguu mitatu ilionyesha hadi tope lililoganda kwenye midomo yao.

Ndege aliyetushika zaidi ni yule mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya majivu ya samawati na mdomo mnene mweusi kama kisu cha kukwangulia nazi. Wanasayansi humwita Dromas ardeola, na katika familia yake hana ndugu mwingine duniani. Mmoja alitembea polepole mbele yetu, akasimama, akainamisha shingo, kisha akakimbia hatua 4 na kumnasa kaa mwenye gando moja kubwa. Hakummeza. Alimtikisa mpaka gando likakatika na kuanguka, akamweka chini, akamdonoa, akamwokota tena na kumtikisa upande wa pili, kisha akammeza kiwiliwili na kuliacha gando likielea kwenye maji yaliyokuwa yanaingia. Tulihesabu 64 wa aina hiyo alasiri ile. Mwongozaji alisema wengi wao wataondoka ndani ya mwezi wa Aprili kwenda kuzaliana katika pwani za mchanga za Oman, za Ghuba na za Bahari ya Sham, ambako jike hutaga yai moja tu jeupe ndani ya shimo lililochimbwa mchangani, na joto la mchanga husaidia kulitamia.

Ami, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya, aliondoa jicho kwenye darubini akasema: «Mwanangu, hawa nawajua. Nimewaona ufukweni Oman.» Mwaka 1966, akiwa baharia kijana, alisafiri kwa jahazi lililopakia boriti za mikoko kwenda Uarabuni, na waliondoka bandarini katika maleleji, kaskazi ikiwa imekwisha na kusi, upepo wa kusini, haijakomaa. Mwongozaji alitoa daftari lake, akamwomba amtajie tena majira ya kuondoka, akayaandika. Majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Ndege huyu anafuata kalenda ileile na njia ileile. Nimeishi pwani maisha yangu yote na sikuwahi kuyaweka mambo haya mawili pamoja mpaka siku hiyo.

Kuhusu wale wadogo, ambao kwa kawaida huwachosha wageni, mwongozaji alikuwa na subira isiyo ya kawaida. Badala ya kutumwagia majina, alituchagulia watatu na kutufundisha hao tu. Wa kwanza ni yule mwenye mdomo mwembamba uliopinda chini kidogo, Calidris ferruginea, anayezaliana kwenye tundra, yaani nyanda za baridi zisizo na miti, ya Siberia kandokando ya bahari ya Aktiki na ambaye ana uzito wa gramu 60 hivi, yaani karibu sawa na yai la kuku. Alitutafutia mmoja aliyekuwa katikati ya kubadilisha manyoya: tumbo lilikuwa bado jeupe, lakini kifuani na ubavuni yalikuwa yametokeza madoa ya rangi ya matofali, hapa na pale, kama ukuta unaopakwa rangi na fundi aliyekwenda kula. Wa pili ana mdomo uliopinda juu na hukimbia kama aliyeibiwa, Xenus cinereus. Wa tatu ni yule wa nyanda kavu za Asia ya Kati, mwenye mkanda wa rangi ya kutu kifuani, ambaye hukimbia, husimama wima, kisha hukimbia tena. Baada ya nusu saa ami aliweza kuwatenganisha wote watatu bila msaada, na furaha yake ilikuwa dhahiri.

Jambo moja lililotokea linastahili kuelezwa, kwa kuwa linaonyesha mtu huyu ni wa namna gani. Karibu na saa 9 alikuja mpiga picha aliyekuwa na mwongozaji wake mwingine, akamwomba wetu apige makofi ili kundi liruke na yeye apate picha ya mabawa. Alikataa. Hakugomba, alimweleza kwamba kila ndege anaporushwa anatumia mafuta aliyoyakusanya kwa siku kadhaa, na kwamba akiishiwa njiani hana mahali pa kuongezea. Kisha alimwonyesha mahali pa kusimama, akamwahidi kwamba maji yatawarusha yenyewe baada ya muda mfupi. Yaliwarusha baada ya dakika 20, na picha ilipatikana. Nimeshuhudia katika maeneo mengine waongozaji wakirusha mawe kwa ajili ya bakshishi, na kwangu mimi kukataa huku ni sehemu ya huduma ninayoilipia, si adabu ya ziada.

Maji yalipofika kwenye mikoko tulipanda kwenye njia ya mbao. Ni njia iliyoning'inizwa kwa kamba kati ya miti kwa zaidi ya mita 200, hucheza kidogo unapotembea, na inaishia kwenye kibanda cha makuti kinachotazama hori. Ada ya kuitumia hulipwa pale pale na ni kidogo. Njia hii ilijengwa kupitia mpango wa shirika la A Rocha Kenya unaosaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazoishi kandokando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Ni vyema kulipa bila kuomba kupunguziwa.

Tulikaa kibandani mpaka jua lilipokaribia kuchwa, na sababu ya kukaa alitueleza mapema: ndege wa safari ndefu hupenda kuondoka jioni, hasa maji yakiwa yamejaa na hawana tena mahali pa kula. Kabla ya saa 12 kundi moja kwenye fungu la mwisho lililobaki wazi lilianza kelele tofauti na zile za mchana, mlio mmoja ukijibiwa na mwingine bila kukatika. Waliruka, wakazunguka juu ya hori, baadhi wakarudi kutua. Waliobaki waliendelea kupanda wakizunguka, wakajipanga mstari uliopinda, ukavunjika, ukajipanga upya, kisha wakashika upande wa kaskazini-mashariki na hawakugeuka tena. Mwongozaji aliandika daftarini: 43, saa 11:52. Hakusema neno kwa muda, na sisi pia hatukusema.

Nisingekuwa mkweli kama ningeacha kasoro. Darubini ya miguu mitatu ilikuwa moja kwa watu 4, na katika saa ya ndege wengi zaidi tulilazimika kupeana zamu fupi. Mwenye darubini yake ya mkono aje nayo. Uwandani hakuna kivuli wala choo, na mwongozaji hakulisema hilo kwenye simu. Linalonisumbua zaidi ni orodha ya ndege aliyotupa mwishoni: imechapwa kwa lugha za kigeni tupu. Mtu yule alitueleza kila kitu kwa Kiswahili fasaha kwa saa 5, akamtaja keremkerem, mdiria, membe na yangeyange bila kusita, kisha akaweka mkononi mwa ami karatasi asiyoweza kuisoma. Nilimwambia wazi, naye alikubali. Tumekubaliana kwamba nitamsaidia kuandaa ya Kiswahili, tukitumia majina yaliyopo na kuwaeleza kwa maumbo yao wale ambao majina yao hayajulikani na wengi.

Kwa malipo, tulitoa shilingi 3,000 kwa kikundi chetu chote cha watu 3 na mwenyeji wetu mmoja, mbali na ada ya njia ya mbao. Ile safari ya kwanza, pamoja na gari, ilitugharimu zaidi ya mara 5 ya hizo. Anayetoka Mombasa kwa matatu ashuke Gede na kuchukua bodaboda. Aliye na njaa anaweza kupitia The Crab Shack ya kikundi cha Dabaso, upande mwingine wa hori, ambako sambusa za kaa ni tamu na mtu hula juu ya maji akitazama mikoko.

Kama una siku ya pili, nenda mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Kufikia Aprili ndege wa Siberia wanapopungua, huko huanza kufika wageni wa upande wa pili, kutoka Madagaska, wanaokuja kukaa nasi wakati wa kusi. Hatukufika safari hii kwa sababu mvua ilishika usiku ule, na barabara za udongo za huko hazitaki mchezo wakati wa masika.

Nilipomuuliza mwongozaji ikiwa hori itakuwa tupu sasa, alisema hapana: wale waliozaliwa mwaka jana wengi hubaki, hawajakomaa kwa safari ya kuzaliana, na atakayekuja Juni atawakuta, wachache na wa kijivu. Ami lakini anataka kuwaona wanaorudi. Tulikaa na mwongozaji kwenye benchi la mwanzo wa njia ya mbao, akafungua jedwali lake la maji, akahesabu miezi kwa vidole na kutuandikia siku 3 za bamvua za mwezi Septemba. Tulichagua ya katikati, na malipo ya awali tumeshayatuma kwa simu.